SIMON KIMBANGU: MIEZI 2 NA WATU MINGI, MIAKA 30 MU BULOKO YA LUBUMBASHI



Tangu mwaka 2023, tarehe 6 mwezi wa 4 ni siku ya mapumziko katika inchi yetu yote. Masomo yanafungwa, biro zinafungwa. Ukimuuliza mwanafunzi wa hapa kwetu Ruashi siku hii ni ya nini, atajibu upesi kwamba ni siku ya Kimbangu. Ukiendelea kumuuliza huyo Kimbangu alikuwa nani, wengi wanasema paka kwamba alikuwa nabii wa kule Bas-Congo, mambo ya mbali na ya zamani. Kumbe mutu huyo alifungwa miaka 30 katika muji wetu, na njo hapa alikufa. Kwa miaka 64 ya maisha yake, karibu nusu aliipitisha hapa Lubumbashi, nyuma ya ukuta.

Kuna sababu nyingine ya kuandika habari zake katika bilten yetu. Kwa masomo yetu tunazungumza sana juu ya kuwa na jina. Wakati wa kuchagua chefu wa kilasi, wakati wa mupira, wakati wa koro kuimba mbele ya wazazi, kila mara tunaona yule ambaye wote wanamupenda, na wengi wetu tunatamani kuwa sawa yeye. Si jambo baya kupendwa. Lakini kupendwa na watu mingi maana yake nini? Ni kitu cha kutafuta? Ni kitu cha kuogopa? Maisha ya Simon Kimbangu yanatusaidia kujibu, kwa maana ni watu wachache katika inchi hii waliopata jina kubwa upesi namna ile, na ni wachache waliotengwa na watu wao upesi namna ile.

1. MUTOTO WA NKAMBA

Simon Kimbangu alizaliwa tarehe 12 mwezi wa 9 mwaka 1887 ku Nkamba, kijiji kidogo cha Bas-Congo, upande wa Mbanza-Ngungu, muji ambao wakati wa wakoloni uliitwa Thysville. Wakati ule inchi ilikuwa mali ya Mufalme Leopold II. Ilikuwa miaka ya taabu kubwa kwa watu wa kule. Wanaume walikamatwa kuwa wapagazi, na kisha kuwa watumishi wa njia ya gari la moshi toka Matadi mupaka Léopoldville, ambayo ilimalizika mwaka 1898. Wengi waliacha mifupa yao njiani. Serkali yenyewe watu waliiita Bula Matari, ni kusema mwenye kuvunja mawe.

Wazazi wake walikufa angali mutoto. Dada wa wazazi, jina lake Kinzembo, njo alimulea. Alifundishwa na Wabatisti wa Uingereza, ambao misioni yao ilikuwa Ngombe Lutete. Pale alijifunza kusoma, na zaidi ya yote alijifunza Biblia. Alibatizwa tarehe 4 mwezi wa 7 mwaka 1915, siku moja na muke wake Marie Mwilu. Mungu aliwapa watoto wanaume watatu: Charles Kisolokele, Salomon Dialungana na Joseph Diangienda.

Mupaka hapo hakuna kitu cha ajabu. Alifundisha watoto, alisaidia kazi ya kuhubiri katika vijiji, alilima shamba. Alikuwa mukristo kama wakristo wengine wa misioni. Kama angekufa mwaka 1917, hakuna mutu angejua jina lake leo, inje ya jamaa yake.

2. MUTU ASIYETAKA KAZI KUBWA

Katika mwaka 1918 ugonjwa wa mafua makali ulizunguka dunia yote, na Kongo vilevile. Watu walikufa kwa wingi, na vijiji vingine vilibaki karibu bure. Inasimuliwa kwamba ilikuwa wakati ule Kimbangu alianza kusikia sauti usiku, ikimwita kuchunga watu wa Mungu. Aliikataa. Alijibu kwamba yeye si mutu wa elimu, na kwamba kuna wachungaji na walimu wanaofaa kuliko yeye. Sauti ilirudi mara na mara. Mwishoni alikimbia, akaenda Kinshasa kutafuta kazi.

Ku Kinshasa alifanya kazi katika kampani ya mafuta ya ngazi, lakini hakupata raha, na feza vilevile hakupata. Akarudi kwao Nkamba, kushika jembe lake.

Tuangalie vizuri jambo hili, kwa maana linagusa kichwa cha habari yetu. Mutu anayetafuta jina anakimbilia mahali penye watu. Kimbangu alikimbilia Kinshasa kusudi apotee kati ya watu, asijulikane. Ni kama Yona aliyepanda chombo cha Tarshishi, au Musa aliyesema kwamba kinywa chake ni kizito. Jina kubwa lilimukuta pasipo yeye kulitafuta.

3. MIEZI MIWILI

Tarehe 6 mwezi wa 4 mwaka 1921 Kimbangu alifika katika kijiji cha jirani, Ngombe-Kinsuka. Pale kulikuwa mwanamuke mumoja aliyelala mugonjwa sana, jina lake Kintondo. Kimbangu aliingia, akamuwekea mikono, akaomba katika jina la Yesu Kristo. Mwanamuke akasimama. Hivi njo habari ilivyosimuliwa toka nyumba mupaka nyumba, na toka kijiji mupaka kijiji.

Nyuma ya siku chache Nkamba haikuwa tena kijiji kidogo. Watu walikuja kwa miguu toka mbali. Wagonjwa walibebwa katika tipoyi. Wengine walipanda gari la moshi mupaka Thysville na kutoka pale wakafuata njia ya vilima. Walikuja hata kutoka Kongo ya Wafaransa na Angola ya Wareno. Watu walilala inje, chakula kikapungua. Watu wakaanza kuita Nkamba Yerusalema Mupya.

Tusidanganyane: si wote waliopona. Wagonjwa wengine walirudi kama walivyokuja, na wengine walifia kule. Lakini hiyo haikuzuia watu. Kila siku waliongezeka.

Na Kimbangu aliwaambia nini? Kama alitaka paka kupendwa, angesema maneno matamu. Yeye alidai mambo magumu: kutupa na kuteketeza dawa za uganga, kuwa na muke mumoja tu, kuacha ngoma na michezo ya haya, kuacha pombe. Mambo hayo hata wamisionere walikuwa wameyadai kwa miaka makumi ine, na watu walitikisa kichwa tu. Sasa, mbele ya mwenzao mweusi aliyezungumza Kikongo cha nyumbani, watu walitupa sanamu zao njiani kwa mafungu. Walitafuta Biblia na vitabu vya nyimbo.

Mambo hayo yote ya wazi yalidumu siku ngapi? Toka tarehe 6 mwezi wa 4 mupaka tarehe 6 mwezi wa 6. Miezi miwili. Ni fupi kuliko trimestre moja ya masomo.

4. KILA MUTU ALIMWONA KWA JICHO LAKE

Hapa njo kiini cha habari. Tunapenda kuzani kwamba mutu mwenye jina ni mutu anayejulikana. Lakini tukitazama wale waliomuzunguka Kimbangu katika miezi ile, tunaona kwamba karibu kila mutu aliona ndani yake kitu cha kwake mwenyewe.

Wagonjwa walimwona munganga. Walitaka mikono yake, na wengi hawakungoja kusikia mahubiri. Ni sawa na wale Wagalilaya waliomutafuta Bwana Yesu kesho yake kwa sababu walikula mikate wakashiba.

Wengine walitamani kuwa sawa naye. Nyuma ya majuma machache manabii wengine walitokea mahali mahali. Walitetemeka, waliweka mikono, walijiita wajumbe. Kimbangu alichagua wasaidizi wake, na wengine aliwakataa, lakini watu hawakujua tena kutofautisha. Kila tendo la mutu yeyote liliandikwa kwa jina lake. Jina likikua sana linakuwa kama nguo iliyoanikwa inje: kila mupita njia anaweza kuivaa.

Wachungaji na wamisionere nao waligawanyika. Ku misioni za Katolika watu walipunguka kanisani, na mapadri wakaomba Serkali izuie jambo hilo. Ku misioni zetu za Kiprotestanti makanisa yalijaa mwanzoni, na wengi walishukuru Mungu. Lakini wamisionere wengine waliona kundi lao linamufuata mutu wasiyemutuma, na hofu ikawaingia. Ni vigumu kufurahi wakati mwanafunzi wako anasikilizwa kuliko wewe.

Wazungu wa kampani walihesabu watumishi wasiofika ku kazi. Mashamba, magari la moshi, nyumba za wazungu, hata hospitali zingine, kila mahali watu waliondoka kwenda Nkamba. Kwa hao Kimbangu alikuwa hasara ya feza.

Na Bula Matari, Serkali, iliona nini? Iliona watu maelfu wanamutii mutu mweusi asiye na bunduki. Tarehe 11 mwezi wa 5 administrateri Léon Morel alipanda Nkamba kutazama kwa macho yake. Inasimuliwa kwamba Kimbangu alisoma mbele yake habari ya Daudi na Goliati. Morel alirudi na ripoti ya kusema kwamba jambo hilo lizimwe upesi, mbele halijawa uasi.

Tuhesabu sasa: munganga, nabii wa kuigwa, mushindani, hasara, muasi. Ni majina matano kwa mutu mumoja katika miezi miwili. Na Simon mume wa Marie Mwilu, baba ya watoto watatu, mutu aliyeogopa mwito wake mupaka akakimbia, huyo ni wangapi walimwona? Kwa hiyo kujulikana na watu mingi si kujulikana kweli. Watu mingi wanaona kile wanachotafuta au kile wanachoogopa.

5. KUKIMBIA NA KURUDI

Tarehe 6 mwezi wa 6 Morel alirudi Nkamba, safari hii na waaskari. Kulikuwa fujo kubwa, na risasi zilipigwa. Kimbangu aliponyoka kati ya watu. Kwa miezi mitatu alijificha, akihubiri usiku katika vijiji. Waaskari walimutafuta pasipo kumupata, kwa maana watu walimuficha.

Fikiri kidogo namna alivyokuwa wakati ule. Maelfu ya watu walikuwa tayari kumufuata. Kama angesema neno moja la vita, wangechukua mapanga, na damu ingemwagika. Au angevuka mupaka kwenda Angola ao Kongo ya Wafaransa, akaishi kule kama nabii mwenye heshima mupaka uzee. Njia zote mbili zingelinda jina lake.

Hakufuata hata moja. Tarehe 12 mwezi wa 9 mwaka 1921 alirudi Nkamba mchana, akajitoa mwenyewe. Inasimuliwa kwamba aliwaagiza watu wasirudishe ubaya kwa ubaya. Walimufunga, wakamupeleka Thysville pamoja na wasaidizi wake.

Alihukumiwa na tribinali ya kiaskari, mukubwa wake komanda De Rossi. Hakupewa avoka wa kumutetea. Walimushitaki kwamba alihatarisha usalama wa Serkali na kuchochea watu wachukie wazungu. Tarehe 3 mwezi wa 10 tribinali ikatoa hukumu: fimbo 120, na kisha kifo.

Wamisionere Wabatisti waliandika kumuombea huruma. Tunapaswa kusema hili kwa haki: kati ya wale ambao hawakumukubali, kulikuwa wengine ambao hawakukubali auawe. Katika mwezi wa 11 Mufalme Albert I wa Ubelgiji aligeuza hukumu ya kifo kuwa kifungo cha maisha. Na kusudi watu wamusahau, Serkali ikachagua buloko ya mbali sana na kwao. Ikachagua Elisabethville. Ni kusema hapa.

6. MIAKA 30 HAPA KWETU

Toka Bas-Congo mupaka Lubumbashi ni njia ya zaidi ya kilometa 2000. Katika mwaka 1921 muji wetu ulikuwa na umri wa miaka 11 tu. Moshi wa shaba ya Union Minière ulikuwa unapanda, watumishi walikuwa wanaletwa toka mbali, kama Rhodesia. Luga ya kambi na ya soko ilikuwa Kiswahili. Ni nani hapa alijua Kikongo? Ni nani alikuwa amesikia habari za Kintondo?

Hivi mutu aliyezungukwa na maelfu katika mwezi wa 5 aliingia mu buloko mahali ambapo hakuna mutu alimujua. Hakuna nyimbo, hakuna tipoyi mulangoni. Alikuwa na miaka 34.

Miaka 30 ni nini? Mutoto anazaliwa, anasoma, anaoa, anazaa. Inje ya ukuta muji ulikua. Kampani ilijenga kambi, misioni zilijenga makanisa na masomo. Vita vya pili vya dunia vilikuja. Katika mwezi wa 12 mwaka 1941 watumishi wa Union Minière waligoma hapa, na waaskari wakapiga bunduki, watu wengi wakafa. Yote hayo yalipita, na Kimbangu alikuwa ndani. Watoto wake watatu aliowaacha wadogo walikuwa wanaume. Hakurudi kuona Nkamba tena.

Wanaosimulia juu yake wanasema kwamba alikuwa mufungwa mutulivu, mwenye kusali, asiyesumbua mutu. Ku mahali pa namna ile hakuna wa kumupigia mutu makofi. Ukisali, unasali mbele ya Mungu tu. Ukivumilia, hakuna anayeandika. Ku Nkamba mutu angeweza kuuliza kama imani ya Kimbangu ilikuwa yake mwenyewe, ao ilikuwa joto la watu mingi. Hapa Lubumbashi swali hilo lilipata jibu lake, siku kwa siku, miaka 30.

Alikufa tarehe 12 mwezi wa 10 mwaka 1951, katika hospitali ya watu weusi ya Elisabethville. Alizikwa katika udongo wetu. Muji haukusimama hata dakika moja.

7. JINA LILIENDELEA BILA MUTU

Serkali ilizani kwamba ukiondoa mutu, jina litakauka. Ikawa kinyume. Wafuasi wake walihamishwa kwa nguvu mbali na Bas-Congo, pamoja na wake na watoto. Kanisa lao linahesabu jamaa 37000. Wengine walipelekwa mupaka Lowa, kule mashariki. Kila mahali walipofika walisali na kuimba, na watu wa pale wakauliza. Hivi Serkali yenyewe, kwa feza yake na kwa mashua yake, ilibeba jina la Kimbangu katika inchi yote.

Na ku Nkamba njo kazi ambayo watu hawakuiona. Marie Mwilu, muke wake, alichunga wafuasi kwa siri miaka yote ile. Hakuwa na jina kubwa kama mume wake. Alikufa tarehe 27 mwezi wa 4 mwaka 1959, na miezi nane nyuma yake, tarehe 24 mwezi wa 12, Serkali ya wakoloni ikaruhusu Kanisa la Kimbangu kusali mbele ya watu wote. Yeye hakuona siku ile. Lakini bila yeye siku ile ingewezekana namna gani?

Mwanzo wa mwezi wa 4 mwaka 1960, mbele ya uhuru, mifupa ya Kimbangu iliondolewa hapa Lubumbashi ikapelekwa Nkamba. Chini ya uongozi wa mutoto wake Joseph Diangienda, Kanisa lilipokelewa katika Baraza la Makanisa ya Ulimwengu mwaka 1969. Katika mwaka 2011 tribinali kuu ya kiaskari ku Kinshasa ilifuta hukumu ya 1921. Ilichukua miaka 90. Na katika mwaka 2023 ikawa siku ya mapumziko, ile tuliyoitaja mwanzoni.

Kuna jambo moja zaidi, na tulitaje kwa upole, kwa maana kati yetu kuna wanafunzi wa Kanisa hilo, na ni ndugu zetu. Nyuma ya kifo chake wafuasi walizidi kumuinua, mupaka wengi wakafundisha kwamba yeye ni Roho Mutakatifu katika mwili wa mutu. Sisi Waprotestanti hatuwezi kufuata fundisho hilo, na Baraza la Makanisa ya Ulimwengu vilevile liliachana na Kanisa hilo katika mwaka 2021. Yule Kimbangu wa 1921 aliwawekea wagonjwa mikono katika jina la Yesu, si katika jina lake. Hata baada ya kufa, mutu mwenye jina kubwa hawezi kulinda kile watu wanachofanya na jina lake. Wakoloni walimufanya muasi, wengine wakamufanya zaidi ya mutu. Wote wawili walimupoteza Simon wa Nkamba.

8. FUNDISHO KWETU

Tukirudi sasa katika kilasi zetu, tunaweza kuchukua nini?

Kwanza: kupendwa na watu mingi si zambi, na kuchukiwa si alama ya utakatifu. Kuna wanafunzi wanaofikiri kwamba kama wenzao hawawapendi, ni kwa sababu wao ni watu wa haki. Mara nyingine ni kwa sababu ya ukali wao tu. Kimbangu hakukimbia watu walipokuja. Aliwapokea. Alisema nao, aliwaombea.

Pili: angalia unalipa nini kusudi upendwe. Hapa masomoni tunaona mambo haya. Mumoja anacheka mwalimu nyuma ya mugongo kusudi kikundi kimukubali. Mumoja anatoa majibu ya interogasio kusudi wamuite kamarade muzuri. Mumoja ana rafiki toka kilasi ya kwanza, lakini rafiki yule ni maskini, ana viatu vilivyotoboka, na kikundi kinamucheka. Basi anaanza kupita mbali naye saa ya rekreasio, kama hamujui. Hakuna aliyeandika deni hilo, lakini limelipwa, na yule rafiki njo amelilipa. Kimbangu aliwadai watu mambo magumu saa ileile walipomupenda sana. Mutu anayeogopa kupoteza mapendo ya watu hawezi kuwaambia ukweli.

Tatu: ujiulize utafanya nini siku watu hawako. Siku ile itakuja kwa kila mumoja. Ekipi itapata muchezaji mwingine, koro itapata sauti nyingine, diploma itachukuliwa na kila mutu atakwenda njia yake, mumoja Likasi, mumoja Kolwezi, mumoja Kinshasa. Jina ulilokuwa nalo hapa Ruashi halitakufuata hata mupaka kituo cha gari. Watu waliomupokea Bwana Yesu na matawi ya mitende walikuwa wangapi ku Golgota? Na yeye, walipotaka kumufanya mufalme kwa nguvu, alipanda mulimani peke yake. Alijua watu, na aliwapenda vilevile.

Kuna njia moja ya kujijaribu. Chagua kazi moja nzuri ambayo hakuna mutu ataiona: kumuelezea hesabu yule anayechelewa, kupeleka maji kwa mugonjwa wa jirani, kusali bila kusimulia kwamba ulisali. Fanya mwezi muzima, na usimwambie mutu. Kama unaona ni vigumu kunyamaza, basi umejua kitu juu ya moyo wako.

Tarehe 6 mwezi wa 4 ikifika tena, wengi watalala, wengine watacheza mupira. Ni vema kupumzika. Lakini tukipita mujini siku ile, tukumbuke kwamba katika muji huu, kwa miaka 30, mutu mumoja aliishi na Mungu wake bila watu mingi. Siku ya mapumziko inatoka ku Nkamba, ndiyo. Lakini sehemu ndefu ya maisha yake ilikuwa hapa, na sisi watu wa hapa tuna deni la kuijua.